Viini 16 kwenye karatasi, dikoda nane kwenye silikoni

Dikoda moja kwa viini viwili. Hapo ndipo Opteron 6276 ya AMD ilipoharibika, na mengine yote yaliyosemwa juu yake tangu Novemba 2011, kuanzia wati na gigahezi hadi leseni na kesi za mahakamani, yalitokana na uamuzi huo mmoja.

Narudi kwenye jambo hili kwa sababu ubishi wake haufi. Seva za umri huu siku hizi ni mitumba, na kila muuzaji ana maneno yaleyale: Opteron ina viini 16, Xeon E5-2670 ya Intel ina vinane, na Opteron ilikuwa nusu ya bei. Kwenye karatasi hajadanganya. Bei ya orodha ya 6276 ilikuwa dola 788. Ya E5-2670, iliyotoka Machi 2012, dola 1,552. Zote mbili ni za wati 115. Zote zina chaneli nne za DDR3-1600. Ukiishia hapo AMD imeshinda, na mimi nabaki kuwa mzee mwenye kinyongo. Sasa tuifungue chipu yenyewe.

Kipande cha kujengea 6276 ni moduli ya usanifu wa Bulldozer. Ina viini viwili vya namba kamili, kila kimoja na kipangaji chake na kache yake ya data ya kilobaiti 16. Vingine vyote ni mali ya shirika: kache ya amri ya kilobaiti 64, kibashiri matawi, kichota amri, dikoda, FPU, na L2 ya megabaiti 2. Kushirikiana si dhambi. L2 ya shirika naielewa kabisa. Hata FPU ya shirika naweza kuitetea mbele ya mtu anayeendesha seva ya wavuti, maana kazi yake haina hesabu za desimali za kutisha. Dikoda ndiyo sijawahi kupata mtu wa kunieleza nikaridhika.

Dikoda ile hufasiri amri nne kwa mzunguko mmoja wa saa. Kiini kimoja kikiwa na kazi na mwenzake amelala, zote nne ni zake. Viwili vikiwa na kazi, na kwenye seva hiyo ndiyo hali ya kila siku, dikoda inamhudumia huyu mzunguko huu, na yule mzunguko unaofuata. Wastani ni amri mbili kwa kiini. Ni saluni yenye viti viwili na mashine moja ya kunyolea: wateja wawili wameketi, wote wamefungwa shuka shingoni, lakini anayenyolewa ni mmoja. Kiini cha K10, kile kilichokuwa ndani ya Magny-Cours, Opteron iliyotangulia, kilikuwa na dikoda yake binafsi ya amri tatu. Kwa hiyo kiini "kipya" cha 2011, kikiwa kazini pamoja na mwenzake, kilipewa chakula kidogo kuliko kile cha zamani.

Fanya sasa hesabu ambayo idara ya masoko haikuweka kwenye slaidi zake. Opteron 6174 ya Machi 2010, ya kizazi hicho cha Magny-Cours, ilikuwa na viini 12, kila kimoja amri tatu: jumla 36 kwa mzunguko. Opteron 6276 ina moduli nane, kila moja amri nne: jumla 32. Njoo kwenye ALU, vitengo vya hesabu za namba kamili. K10 ilikuwa nazo tatu kwa kiini, mara 12, ni 36. Bulldozer ina mbili kwa kiini, mara 16, ni 32. Viini vimeongezeka kwa theluthi, lakini zana za kufanyia kazi zimepungua kwa moja ya tisa. Na wakati huo huo AMD ilikuwa inatangaza kwamba tutapata asilimia 50 zaidi ya kazi kwa asilimia 33 zaidi ya viini. Kwa zana zipi?

Jibu lao lilikuwa kasi ya saa. Kiini chembamba, mkondo mrefu, gigahezi nyingi. Wasomaji wa safu hii wanajua ninavyojisikia nikisikia hoja hiyo. Tuliimbiwa na Intel enzi za NetBurst, tukaletewa Prescott mwaka 2004 yenye mkondo wa hatua 31, na tukaona ilivyochemka. AMD ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kwamba gigahezi si kazi. Opteron ya kwanza, ile ya tarehe 22 Aprili 2003, ilikuwa inaisumbua Xeon ya karibu gigahezi 3 ikiwa na gigahezi 1.8 tu, kwa sababu kila mzunguko wake ulikuwa na maana na kidhibiti cha RAM kilikuwa ndani ya chipu badala ya kukaa ng'ambo ya basi. Miaka minane baadaye kampuni ile ile inachukua hoja ya adui aliyeshindwa na kuijengea chipu. Na gigahezi zenyewe hazikuja. 6174 ilikuwa na 2.2, 6276 ikatoka na 2.3, na 2.6 viini vyote vikiwa kwenye Turbo. Teknolojia ya nanomita 32 ya GlobalFoundries haikuwapa kasi waliyoitegemea, na kiini kilichochongwa kuwa chembamba ili kikimbie kikabaki chembamba bila kukimbia.

Hapa mtetezi wa AMD huinua mkono na kusema: mbona Xeon nayo ni dikoda nane za amri nne? Nane mara nne ni 32, sawasawa na Opteron. Kweli kabisa, na hoja hiyo inamrudia mwenyewe. Sandy Bridge-EP, yaani E5-2670 hiyo, ina dikoda nane, na Intel ikaiita prosesa ya viini vinane na nyuzi 16. Interlagos, yaani 6276 yetu, ina dikoda nane, na AMD ikaiita prosesa ya viini 16. Tofauti ya kwanza ni ya jina. Ya pili ni ya kihandisi, nayo ndiyo nzito zaidi.

Kwenye Xeon, uzi mmoja ukibaki peke yake ndani ya kiini, unarithi kila kitu: dikoda yote, ALU tatu zote, bandari zote za kusoma RAM, pamoja na kache ya amri zilizokwisha kufasiriwa, ya takriban amri ndogo 1,500, ambayo mara nyingi huifanya dikoda ipumzike kabisa. Kwenye Opteron, uzi ukibaki peke yake ndani ya moduli unapata dikoda ya amri nne inayomwaga kwenye ALU mbili. ALU mbili za jirani zipo pale pale, hazina kazi, na hakuna mlango wa kuzifikia. AMD ilishirikisha kilichopaswa kutenganishwa na ikatenganisha kilichopaswa kushirikishwa. Moduli ikijaa unakosa dikoda, ikiwa nusu tupu unakosa ALU. Haina saa yake nzuri.

Na ndiyo maana matokeo ya uzi mmoja yalikuwa yale tuliyoyaona sote. Kwenye kompyuta za mezani, FX-8150 ya Oktoba 2011, nayo Bulldozer, ilikuwa inashindwa na Phenom II, prosesa ya nyumbani kwao wenyewe, kazi ikiwa ya uzi mmoja. Watu wa seva walijifariji kwamba wao wana nyuzi nyingi. Lakini databesi yenye kufuli moja linalogombewa ina uzi mmoja unaosubiriwa na wenzake wote. Kuhifadhi kumbukumbu za miamala, kubana faili la akiba usiku, ripoti ya mwisho wa mwezi iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi: hizo ni kazi za uzi mmoja, na ndizo zinazomfanya bosi aje kusimama mlangoni.

Kache zilizidisha tatizo. L1 ya data ilishuka kutoka kilobaiti 64 za K10 hadi 16, na kila kinachoandikwa humo lazima kiandikwe pia L2, ambayo kuifikia ni mizunguko kama 20. Xeon ina kilobaiti 32 za L1 na L2 ndogo ya kilobaiti 256 inayojibu kwa mizunguko 12. Lakini kinachoonyesha vizuri zaidi namna ushirika ule ulivyofanywa kwa haraka ni kache ya amri. Kilobaiti 64, njia mbili tu, kwa viini viwili. Sasa chukua programu mbili zinazotumia maktaba moja, tuseme libc. Kwenye RAM maktaba ni moja, lakini Linux, kwa ajili ya usalama, huiwekea kila programu anwani yake ya kubahatisha. Viini viwili vya moduli moja vinasoma amri zilezile kwa anwani mbili tofauti, na kache inaanza kutupa mistari ya huyu ili kuweka ya yule, huku mistari yenyewe ni ileile. Mwaka 2011 ilibidi kerneli ipewe kiraka kinacholazimisha biti ya 12 hadi ya 14 za anwani hizo zifanane kwa kila programu. Yaani biti tatu za ubahatishaji, ambazo ziliwekwa kumzuia mshambuliaji, zikatolewa sadaka ili kache ya shirika ipumue. Windows nayo ikahitaji kiraka chake ili mpangaji kazi aelewe kwamba viini viwili vya jirani si viini viwili. Prosesa inayohitaji mfumo endeshi ufundishwe kutoiamini idadi yake ya viini imekwisha kutoa ushahidi.

Kuhusu FPU nitakuwa mfupi. Kwa karatasi, 6276 ina gigaflopu 147.2 za usahihi maradufu na E5-2670 ina 166.4, tofauti ndogo kwa bei ile. Lakini namba ya AMD inapatikana tu ukitumia FMA, na FMA ya Bulldozer ni FMA4, seti ya amri ambayo Intel haikuwahi kuiweka kwenye chipu zake na ambayo AMD yenyewe iliiacha ilipofika Zen. Programu isiyokusanywa upya kwa ajili yake inapata nusu, 73.6. Xeon haikudai masharti hayo. AVX ya kawaida ilitosha. Na kama mtu alihitaji onyo kuhusu FPU za ushirika, Sun ilikuwa imekwisha kulipa ada ya somo hilo: UltraSPARC T1 ya 2005 ilikuwa na FPU moja kwa viini vinane, na T2 ya 2007 ikakipa kila kiini ya kwake.

Tuje kwenye thamani, maana hapo ndipo wauzaji hupenda kuanzia. Nusu ya bei. Seva ya soketi mbili: Opteron dola 1,576, Xeon dola 3,104. Umeokoa dola 1,528. Hongera. Sasa weka SQL Server 2012 Enterprise, toleo lile ambalo kwalo Microsoft ilihama kutoka leseni ya soketi kwenda leseni ya kiini, dola 6,874 kila kimoja. Xeon mbili ni viini 16: dola 109,984. Opteron mbili ni viini 32. Microsoft ilikuwa na huruma kidogo na prosesa za AMD, ikaziwekea kizidishi cha 0.75, kwa hiyo unalipia viini 24: dola 164,976. Zile dola 1,528 ulizookoa kwenye silikoni umezirudisha zikiwa na nyongeza ya kutosha kununulia seva nyingine kadhaa. Oracle haikuwa na huruma hata hiyo. Kizidishi chake kilikuwa 0.5 kwa wote wawili, na bei ya orodha ya Enterprise Edition dola 47,500. Xeon mbili, leseni nane, dola 380,000. Opteron mbili, leseni 16, dola 760,000. Najua hakuna anayelipa bei ya orodha ya Oracle bila kupatana, lakini unapatana kuanzia wapi?

Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Uamuzi wa dikoda ulikuwa wa wahandisi, na wahandisi hukosea. Uamuzi wa kuita kila nusu ya moduli "kiini" ulikuwa wa watu wa kuuza, na bili yake haikwenda kwao. Ilikwenda kwa mteja aliyenunua viini 16 na kukatiwa leseni za 16 akapata kazi ya vinane na ushee. Kama AMD ingeiita 6276 prosesa ya viini vinane na nyuzi 16, kwa dola 788, ingekuwa silaha ya kutisha dhidi ya Xeon. Bei nusu, leseni sawa, na kila mtu angesifu jinsi uzi wa pili unavyopata ALU zake binafsi. Chipu ileile, transista zilezile. Neno moja tu kwenye boksi.

Nikisema watu wa kuuza sianzi leo. Ni wao waliotuletea ACP wakati wa Opteron za Barcelona, wati za "wastani" zilizoifanya prosesa ya wati 115 iandikwe 80 huku Intel ikiandika TDP yake kama ilivyo. Na ni kampuni hiyo hiyo iliyotangaza kwamba Bulldozer ina transista bilioni 2, kisha Desemba 2011 ikasahihisha: bilioni 1.2. Transista milioni 800 zilipotea bila kuwahi kuwepo. Idara inayoweza kukosea hesabu hiyo haishangazi ikihesabu moduli mara mbili.

Haki itendeke. Interlagos iliingia kwenye soketi ya G34 ileile bila kubadilisha bodi, na ilikubali kupangwa soketi nne kwa bei ileile ya mbili, jambo ambalo E5-2670 haiwezi kabisa. Kwa mashine pepe nyingi ndogo, kwenye VMware iliyokuwa ikitoza kwa soketi, ilikuwa ununuzi wa akili. Upande wa pili, Intel ilileta PCIe 3.0 ndani ya chipu, laini 40, na kazi hiyo ilifanywa vizuri.

Mashabiki watanitajia Titan. Oak Ridge, Novemba 2012, namba moja kwenye Top500, petaflopu 17.59, Opteron 6274 zipatazo 18,688. Sawa, na kando ya kila Opteron kulikuwa na Tesla K20X, ambayo ndiyo iliyokuwa inabeba sehemu kubwa ya flopu hizo. Opteron pale ilikuwa mlinzi wa geti. Mkitaka kunionyesha Opteron iliyotawala, nionyesheni ile ya 2003 hadi 2006: ile iliyoilazimisha Intel kuikubali x86-64 ya mshindani wake, iliyoifanya Itanium ionekane kitu cha makumbusho ingali mpya, iliyoipa AMD karibu robo ya soko la seva. Dirk Meyer alitoka kwenye Alpha ya DEC akiwa na imani moja, kwamba kiini kipana kinacholishwa vizuri hushinda, akaijenga K7, na K8, kiini cha Opteron hiyo ya 2003, ikafuata njia hiyo hiyo. Bulldozer iliiacha njia hiyo, nayo iliendelea kujengwa Meyer akiwa ndiye mkurugenzi mkuu, mpaka bodi ilipoachana naye Januari 2011. Sijui kama kuna kinachouma kuliko hicho katika historia ya kampuni ile.

AMD yenyewe ilitoa hukumu, kimyakimya. Steamroller ya 2014 ilikipa kila kiini dikoda yake. Lakini haikufika G34 kamwe. Soketi hiyo iliishia na Opteron 6300 ya Novemba 2012, yenye Piledriver, dikoda bado moja kwa wawili. Mwaka 2015 wanunuzi wa FX waliishtaki AMD kule California kwa hoja hii hii ya nini kinastahili kuitwa kiini, na 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 12.1. Kwenye Zen, mhandisi Jim Keller akiwa amerudi kundini tangu 2012, moduli ilitupwa. EPYC ya Juni 2017 ina viini 32 na inaviita 32, nyuzi 64 na inaziita 64.

Sasa kwa mtu aliyesimama Kariakoo au Luthuli Avenue akiangalia seva mbili hizi zenye vumbi sawa. E5-2670 zilimwagika sokoni mwaka 2016 vituo vikubwa vya data vilipozistaafisha, bei ikashuka hadi dola 70 hivi kwa moja, kwa hiyo ile hoja ya nusu ya bei imekufa tangu zamani hizo. Kinachobaki ni umeme. Kila wati 100 zinazowaka mwaka mzima ni uniti 876, na kwa LUKU ya Tanzania ya kama shilingi 350 kwa uniti ni zaidi ya laki tatu, kila mwaka, kwa mashine iliyokugharimu labda kiasi hicho hicho. Kazi ileile ikiisha mapema kwenye Xeon, seva inarudi kulala mapema.

Muuzaji akisisitiza kukupa ya Opteron kwa bei ya kutupa, angalia kwanza imejazwa RAM kiasi gani. DDR3 zenye ECC na rejista zilizomo humo kwa kawaida hukubali kuhamia kwenye bodi ya Xeon, na mara nyingi zina thamani kuliko prosesa zote mbili zilizokaa juu yake.